Kiti si mwisho wa safari: dhana potofu kuhusu misaada na mazoezi ya watoto wenye ulemavu Goma

Mjini Goma, mashariki mwa Kongo, msaada kwa watoto wenye ulemavu huonekana hasa siku ya kukabidhi. Kiti cha magurudumu kinang'aa, mama amevaa kitenge chake kizuri, watu wanapiga picha. Lakini mambo yanayomwezesha mtoto huyo kukaa wima, kula bila kupaliwa, kushika kikombe na siku moja kuingia darasani hufanyika siku nyingine zote, wakati hakuna anayepiga picha. Katikati ya siku hiyo moja na hizo nyingine ndipo dhana nyingi potofu huzaliwa. Wazazi wanazo, na wanaotoa fedha wanazo pia, iwe ni ONG (shirika lisilo la kiserikali) kubwa, kikundi cha parokia au ndugu walioko Ubelgiji wanaotuma dola 50 kila mwezi. Zile zinazowaumiza watoto zaidi tumezieleza kwa kirefu.

Dhana: Mtoto huyu amerogwa, mazoezi ni kupoteza fedha ya watu.

Ulemavu wa viungo unaoonekana zaidi katika vituo vya mazoezi ni mtindio wa ubongo, ambao kwenye karatasi za hospitali zetu huandikwa kwa kifupi cha Kifaransa, IMC. Sababu zake zinajulikana: mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano kali ya siku za kwanza isiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani. Jeraha la ubongo limekwisha kutokea na haliongezeki, wala haliambukizi. Kinachobadilika ni mwili. Misuli iliyokaza hufupika mifupa inapokua, nyonga huanza kutoka mahali pake, mgongo hupinda. Kwa hiyo kuchelewa kuna gharama, tena kubwa, kwa sababu ubongo hujifunza upesi zaidi katika miaka miwili ya kwanza.

Reko (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa katiye, yaani mtaa, anaweza kutambua dalili bila mashine yoyote. Mtoto wa miezi 5 ambaye kichwa chake bado kinaanguka. Mtoto wa miezi 9 asiyeweza kukaa. Ngumi zinazobaki zimefumbwa baada ya miezi 4, kidole gumba kikiwa ndani. Miguu inayokaza na kupishana kama mkasi anapovalishwa nguo. Mtoto ambaye hajafika mwaka na tayari anatumia mkono mmoja tu: majirani husema huyu ni wa mkono wa kushoto, kumbe mkono wa pili ndio una shida.

Kuombewa hakumzuii mtu kwenda kwa kine, mtaalamu wa tiba ya mazoezi. Hatari iko kwingine, pale mzazi anapoambiwa aache dawa ya kifafa ili aonyeshe imani. Mtoto anayekunywa phenobarbital kila siku akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege lisilokoma, na degedege la namna hiyo huua. Dawa hii hupunguzwa polepole, kwa wiki nyingi, na anayepanga ni daktari.

Dhana: Mazoezi ni kukandwa na kuvutwa viungo. Kine akimvuta kila wiki, mtoto atanyooka.

Dhana hii inakula fedha nyingi za wafadhili, na imewavunja moyo akina mama wengi kuliko nyingine zote. Kumkanda mtoto mwenye misuli migumu kunamtuliza, na utulivu huo una faida yake. Lakini misuli hairefuki kwa kuvutwa dakika chache mara moja kwa wiki. Tafiti zilizofanywa katika nchi nyingi zimerudi na jibu lilelile: kuvuta kwa mikono peke yake hakuzuii viungo kukaza. Kinachomsaidia mtoto ni kufanya mwenyewe jambo analolitaka, kulirudia mara nyingi, mahali anapoishi, akiwa amekalishwa vizuri.

Hesabu yenyewe inatosha kueleza. Kine ana dakika 45 kwa wiki. Mama, bibi na dada wana zaidi ya saa 80 ambazo mtoto yuko macho. Mradi unaolipia hizo dakika 45 bila kuwafundisha watu wa nyumbani unaziacha saa zote 80 mikononi mwa watu ambao hakuna aliyewaonyesha cha kufanya.

Chukua lengo moja dogo: mtoto wa miaka 4 anywe uji mwenyewe. Kwanza akae, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu au kibao. Miguu ikining'inia, mwili mzima hukaza na mikono hupanda juu. Meza iwe sawa na viwiko vyake. Kikombe kiwe cha plastiki chenye mikono miwili, kijazwe robo, na uji wa masoso (mahindi, mtama na soya) uwe mzito ili usimwagike kwa mtikisiko mdogo. Mama anashika kiwiko cha mtoto, haushiki mkono wenyewe, halafu anangoja. Kungoja ndiko kugumu. Mara 10 kwa mlo mmoja zinatosha. Wiki hadi wiki mama anapunguza msaada: kutoka kiwiko hadi bega, kutoka bega hadi neno la kumtia moyo tu.

Jambo hili huharibika kwa njia tatu. Mama ana haraka ya kwenda sokoni, anamnywesha mwenyewe. Au lengo ni kubwa mno: watu wa kituo wameandika "atembee" kwa mtoto ambaye bado hajakaa, miezi sita inapita bila hatua ya kuonyesha, na mama anaacha kuja. Au kila mtumishi anafundisha lake. Lengo moja lililoandikwa kwenye daftari, ambalo mama mwenyewe amelichagua, hufanya kazi kuliko orodha ya mazoezi 12 iliyobandikwa ukutani.

Kwa mtoto ambaye upande mmoja ndio ulioathirika kuna njia iliyothibitishwa na isiyogharimu karibu kitu: mkono wenye nguvu unavalishwa soksi au glavu wakati wa mchezo, hadi saa mbili kwa siku kwa wiki kadhaa, na mkono dhaifu unalazimika kufanya kazi. Lazima mtu mzima awepo, na iwe michezo kweli: kuokota maharage, kubandua karatasi, kurusha mpira. Baadaye inafuata michezo inayohitaji mikono yote miwili. Soksi ikiwa adhabu, mtoto ataichukia na kila kitu kitasimama.

Mkao wa kawaida nao ni tiba. Kumbeba mtoto mgongoni kwa kitenge, mapaja yakiwa yamepanuliwa kiunoni mwa mama, kunasaidia nyonga za mtoto ambaye miguu yake hupishana. Usiku, mto mdogo katikati ya mapaja. Mchana, dakika 30 hadi 60 za kusimamishwa kwenye fremu ya mbao, amefungwa kifuani na magotini, akicheza kwenye meza iliyo mbele yake, kwa sababu mifupa ya nyonga huumbika vizuri inapobeba uzito. Seremala yeyote anaweza kutengeneza fremu hiyo akipewa vipimo na mchoro.

Kwa hiyo bajeti nzuri ya mazoezi ina sehemu isiyovutia machoni: vikundi vya akina mama wasiozidi 10, wanaokutana katika katiye yao wenyewe, pamoja na kine au msaidizi wake, kwa miezi mingi. Mama mwenye mtoto wa miaka 6 humfundisha mwenzake mambo ambayo hakuna mtaalamu angeweza kuyasema kwa namna ile.

Dhana: Kiti chochote cha magurudumu ni bora kuliko kukosa.

Kontena la viti vya mitumba likifika, furaha ni kubwa. Lakini viti vingi ndani yake ni vya watu wazima, vilitengenezwa kusukumwa kwenye korido za hospitali. Mtoto wa kilo 14 akiwekwa katika kiti cha upana wa sentimita 45, anazama upande mmoja, nyonga zinalala, mgongo unapinda, mapafu yanabanwa. Akikaa hivyo kwa miaka miwili, mpindo ule haurudi tena. Hapo kiti kimemdhuru.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba kutoa kiti ni huduma yenye hatua nane: kupokea mtoto na kumpangia siku, kumpima na kumchunguza, kuchagua aina ya kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kukijaribisha mwilini, kumfundisha mtoto na familia, kisha matengenezo na kumfuatilia. Sherehe ya kukabidhi haimo kati ya hatua hizo nane.

Vipimo vya msingi vinachukuliwa kwa dakika 10, mtoto akiwa amekaa kwenye benchi ngumu. Upana wa nyonga ndio upana wa kiti. Kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 5, hicho ndicho kina cha kiti. Usipotoa, ukingo unachoma nyuma ya goti, na mtoto anajisukuma mbele hadi anakaa kwa mgongo. Kutoka nyuma ya goti hadi kisigino ndio urefu wa kikanyagio. Mto usikosekane, hasa kwa mtoto asiyehisi makalio yake kwa sababu ya mgongo wazi. Bila mto na bila kunyanyuliwa kila dakika 15 hadi 20, kidonda hufunguka kimyakimya mpaka kufika mfupa.

Halafu kuna ardhi yetu. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji, na katiye nyingi bado zinakanyaga mawe yake. Magurudumu ya mbele ya kiti cha hospitali, membamba, ya sentimita 12 hivi, huingia kati ya mawe na kukwama. Uma unaoyashikilia huvunjika mapema. Hapa panahitajika magurudumu ya mbele mapana, ya sentimita 20, au kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu refu mbele. Ya nyuma yawe ya ukubwa wa baiskeli, inchi 24 au 26, yenye mpira wa kuziba, maana mafundi wa baiskeli na wa chukudu (chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) wako kila kona. Chasi iwe ya chuma. Chuma kikikatika, fundi yeyote wa kuchomelea anakiunga. Aluminiamu ikikatika, karibu kila mara kiti kimekufa.

Na mtoto mdogo ambaye bado hajaweza kuketi, mara nyingi kiti cha kona cha mbao chenye meza, kinachomweka nyonga, magoti na vifundo vya miguu katika pembe mraba, kinamsaidia kuliko kiti cha magurudumu. Kwa mfadhili mwenye fedha kidogo hilo ni jambo la kuliuliza kwanza.

Dhana: Amekonda kwa sababu ndivyo watoto wa namna hii walivyo.

Hapana. Amekonda kwa sababu chakula hakifiki tumboni. Watoto wenye mtindio wa ubongo huingizwa mara kwa mara katika programu za utapiamlo kwa kuwa mkanda wa kupimia unene wa mkono umeonyesha chini ya milimita 115, wanapewa vifuko vya siagi ya karanga vyenye kilokalori 500 kila kimoja, wananenepa kidogo, wanatoka, na baada ya miezi michache wamerudi. Mara nyingine kifuko chenyewe ni tatizo, kwani ile siagi hunata kwenye kaakaa la mtoto ambaye ulimi wake haujui kuisukuma nyuma. Hakuna aliyemwonyesha mama namna ya kumlisha.

Kosa kubwa ni kumlisha akiwa amelala mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, uji unamiminwa. Kichwa kikilegea nyuma, njia ya hewa inabaki wazi, na chakula kinaingia kwenye mapafu. Ndiyo maana mtoto anakohoa kila mlo, sauti yake inakuwa ya majimaji, macho yanatoa machozi, na kila mwezi ana nimonia. Wengi wanaofariki kati ya watoto hawa hufa kwa kifua, na ndugu husema ni ulemavu uliomuua.

Mlo salama huenda hivi. Mtoto anakaa wima, nyonga zimekunjwa, kichwa katikati, kidevu kimeinama kidogo kuelekea kifuani. Mlishaji anakaa mbele yake, macho yakiwa sawa na ya mtoto, asisimame juu yake. Kijiko ni kidogo na bapa, cha plastiki ngumu isiyovunjika akikiuma. Kiweke katikati ya ulimi, bonyeza kidogo, ngoja midomo ifunge, kitoe sawasawa bila kukikwangua kwenye meno ya juu. Ngoja ameze. Tazama koo. Kisha kijiko kingine. Maji meupe ni magumu zaidi kumeza kuliko uji, kwa sababu yanakimbia kabla koo halijajiandaa. Mtoto anayepaliwa na maji apewe vinywaji vilivyotiwa unga kidogo, kwa kijiko. Mlo ukizidi dakika 30 amechoka, na uchovu ndio unaoleta kupaliwa, basi gawa milo iwe mitano au sita midogo. Baada ya kula abaki wima nusu saa.

Kwa kuwa anakula kidogo, kila kijiko kiwe na nguvu: kijiko cha mafuta ya mawese ndani ya uji, karanga zilizosagwa laini, sambaza (samaki wadogo wa ziwa) zilizokaushwa na kupondwa hadi ziwe unga. Sombe (majani ya muhogo) iliyopondwa vizuri ni nzuri. Sombe yenye nyuzi ni hatari kwake. Ugali unaoshikana na mchuzi mwepesi katika kijiko kimoja humchanganya, koo lake haliwezi vitu viwili kwa pamoja.

Fedha ya kufundisha haya yote ni ndogo kuliko gharama ya kumlaza mtoto mara moja kwa nimonia. Ukitoa msaada kwa kituo, uliza: je, kuna anayekaa na mama wakati wa mlo wenyewe, akimtazama akilisha? Kama hakuna, anza hapo.

Dhana: Mguu kifundo ukishanyooka, kazi imekwisha.

Takribani mtoto 1 kati ya 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, yaani mguu uliopinda kuelekea ndani na chini. Njia inayotumika leo karibu duniani kote ni ya daktari Ignacio Ponseti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani: mguu unapindwa polepole kwa mikono na kushikiliwa na plasta, ambayo hubadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Ni nafuu na inafaulu. Na kwa sababu inaonekana rahisi, watu huifanya vibaya.

Plasta ianze vidoleni hadi juu ya paja, goti likiwa limekunjwa nyuzi 90. Plasta inayoishia chini ya goti huteleza, mguu unazunguka ndani yake na kurudi ulikotoka. Wiki ya kwanza sehemu ya mbele ya mguu inainuliwa upande wa kidole gumba ili upinde wa unyayo ulale. Kisha mguu wote unapelekwa nje, dole gumba la mtaalamu likikandamiza kichwa cha talus, mfupa wa ndani ya kifundo, kwa upande wa nje. Kisigino kisishikwe. Anayekishika kisigino anafunga mlango ambao mifupa mingine inataka kuupitia.

Nyumbani, mama atazame vidole. Vikiwa baridi, vya buluu au vyeupe, au vikianza kupotelea ndani ya plasta, arudi siku ileile. Plasta ya zamani iloweshwe na kutolewa asubuhi ya siku ya kwenda kituoni. Ikitolewa jana yake jioni, sehemu ya kazi ya wiki nzima inapotea usiku mmoja.

Watoto wengi, karibu 8 kati ya 10, huhitaji pia kano ya kisigino ikatwe kidogo kwa ganzi ya sehemu ile tu. Plasta ya mwisho inakaa wiki 3 wakati kano inaota tena kwa urefu mpya. Hapo mguu ni mzuri, mama analia kwa furaha, na miradi mingi ya wafadhili inaandika "amepona".

Sasa ndipo inapoanza sehemu ya miaka minne. Viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau wenye upana wa mabega, mguu uliokuwa umepinda ukielekezwa nje nyuzi 60 hadi 70, ule mzima 30 hadi 40. Saa 23 kwa siku kwa miezi 3. Baadaye usiku na usingizi wa mchana tu, mpaka mtoto afikie miaka 4. Kutovaa viatu hivi ndiyo sababu kuu ya mguu kupinda upya. Usiku wa kwanza na wa pili mtoto hulia. Mama akivivua mara moja kwa ajili ya kilio, mtoto amejifunza njia. Afadhali ashike upau na kumkunja na kumkunjua magoti yote mawili kwa pamoja, kama mchezo, mpaka aelewe kwamba miguu sasa inakwenda pamoja. Mkanda wa kati ufungwe kwanza, kisigino kiwe kimegusa chini, soksi isiwe na mikunjo. Lengelenge likitokea kisiginoni, mara nyingi kiatu kimelegea. Watu hukilegeza zaidi, na kidonda kinakua.

Miguu ya mtoto katika mwaka wa kwanza hubadilisha namba kila miezi michache. Bajeti ikinunua plasta za wiki 8 na jozi moja ya viatu, imelipia nusu ya tiba ambayo haitadumu. Hesabu jozi zote, hadi mtoto afikie miaka 4, kabla ya kufunga plasta ya kwanza. Ateliye (karakana) ya hapa inaweza kutengeneza upau na viatu vya ngozi. Inachohitaji ni fedha ya uhakika na stoo yenye namba zote.

Dhana: Fedha iende kwenye vifaa. Mishahara ni kula msaada.

Tiba ya mazoezi ni mtu. Goma ina Shirika la Umoja, Bukavu ina Heri Kwetu, vituo ambavyo vimehudumia watu wenye ulemavu kwa miongo mingi na vimepata kuungwa mkono na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Thamani ya vituo hivyo haiko katika majengo. Iko katika mikono ya mafundi waliojifunza kwa miaka. Mtengenezaji wa viungo bandia husoma miaka mitatu, kwa mfano ENAM huko Lomé, Togo, au TATCOT huko Moshi, Tanzania, chuo kilichoanzishwa 1981. Mfadhili anayelipia kijana mmoja asome huko ameacha kitu kitakachofanya kazi kwa miaka 30.

Tazama kifaa kimoja cha plastiki cha kushikilia kifundo cha mguu. Fundi anafunga mguu kwa plasta akiushikilia pembe mraba, anamimina sanamu, anaisahihisha, anaongeza milimita chache juu ya vifundo ili visisuguliwe. Bamba la polypropylene la milimita 3 au 4 linapashwa moto katika tanuri ya nyuzi 180 hivi mpaka liwe angavu, linavutwa juu ya sanamu kwa mashine ya kunyonya hewa, linapoa, linakatwa, kingo zinapigwa msasa. Umeme ukikatika bamba likiwa tanurini, limeharibika. Kisigino kisipofika chini wakati wa kupima, kifaa kitamfundisha mtoto kutembea vibaya kila siku. Akivaa, aanze na nusu saa. Wekundu unaopotea ndani ya dakika 20 au 30 ni wa kawaida. Usiopotea, arudishwe ateliye. Na baada ya miezi 6 hadi 12 mguu umekua, kazi inaanza upya.

Ripoti inayosema "vifaa 200 vimetolewa" haimwambii mfadhili kitu. Aulize ni vingapi bado vinavaliwa baada ya miezi 6, na nani alikwenda nyumbani kutazama.

Dhana: Huduma ni bure, kwa hiyo mama asiyekuja ni mzembe.

Mama anayetoka Mugunga, pembeni mwa mji, analipa moto (pikipiki) kwenda na kurudi, anapoteza siku ya kuuza, anawaacha wadogo kwa jirani. Kwa plasta za mguu kifundo afanye hivyo kila wiki kwa miezi miwili. Akikosa mara moja, usimgombeze, kwa sababu mara ya pili hatarudi kabisa. Kurudishiwa nauli siku ileile, kupewa saa maalumu badala ya foleni ya asubuhi nzima, na kituo kidogo katika katiye mara mbili kwa mwezi: hivi vitatu huwarudisha wengi. Fungu la nauli ndilo la kwanza kukatwa bajeti inapopungua. Likatwe la mwisho.

Dhana: Hasemi, kwa hiyo haelewi.

Watoto wengi wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kusema. Mpime kusikia kwanza, kwa maana manjano ya utotoni na homa ya uti wa mgongo huharibu masikio pia. Kisha tafuta "ndiyo" yake: kutazama juu, kufumba macho, kunyoosha ulimi. Watu wote wa nyumbani waitambue ishara ileile. Kadi nne za picha, za maji, chakula, maumivu na choo, zinagharimu karatasi na gundi.

Dhana: Mradi ukifungwa, tiba imekwisha.

Januari 2025 ilionyesha jinsi fedha inavyoweza kusimama kwa siku moja. Tarehe 20 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90; wiki hiyohiyo vita vilikaribia Goma, siku chache baadaye mji ukachukuliwa, uwanja wa ndege na benki vikafungwa. Nchi ina Sheria ya 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, lakini sheria hiyo peke yake hainunui plasta.

Programu iliyojengwa kwa kuwafundisha wazazi haifi siku hiyo. Mfadhili mzuri hupanga mwisho tangu mwaka wa kwanza: stoo ya plasta na dawa ya kifafa ya miezi 3, mafundi wawili badala ya mmoja, mchango mdogo wa avek (kikundi cha kuweka na kukopa) ya akina mama kwa ajili ya nauli. Na daftari la kila mtoto likae nyumbani, lisibaki kabatini mwa kituo. Ndani yake: jina la dawa, kipimo chake kwa miligramu na uzito wa mtoto siku kilipopangwa, namba ya plasta ya mwisho na tarehe yake, namba ya kiatu na nyuzi za upau, vipimo vya kiti, lengo la sasa na mahali mtoto alipofikia, aina ya uji anaomeza bila kukohoa. Kine wa Bukavu, wa Sake au wa kambi yoyote akilifungua, aweze kuendelea asubuhi hiyohiyo pale mwenzake alipoishia.